Spika mpya au hizohizo? Machaguo sita ya mziki wa sebuleni, kuanzia lenye faida kubwa

Mtu mwenye amplifaya na spika mbili sebuleni akianza kusikia besi inakoroma, au mwimbaji anaimba kana kwamba yuko ndani ya ndoo, wazo la kwanza ni kununua spika nyingine. Mara nyingi spika hazina kosa, au zina kosa la kutengenezeka kwa jioni moja. Ndiyo maana machaguo haya hayakupangwa kwa bei wala kwa ukubwa wa boksi. Yamepangwa kwa mabadiliko unayoyasikia kwa kila shilingi inayotoka mfukoni, na mawili ya juu hayahusu kununua spika kabisa.

Pima kwanza, dakika kumi tu

Zima amplifaya. Nyuma yake, hamisha waya wa spika ya kushoto uuweke kulia, wa kulia uuweke kushoto, kisha piga wimbo uleule. Kasoro ikibaki kwenye spika ileile, mgonjwa ni spika hiyo au waya wake. Ikihamia spika ya pili, usinunue spika: tatizo liko kwenye amplifaya au chanzo cha mziki, na mara nyingi ni jeki ya simu iliyolegea.

Halafu chomoa nyaya kwenye amplifaya na upime ncha zake kwa mita ya fundi. Spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) husoma kati ya 5.5 na 7. Ya omu 4 husoma 3 hadi 3.8. Ikisoma karibu na sifuri kuna mshikano, kwenye koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) au kwenye waya wa spika. Isiposoma chochote, kuna mahali pamekatika. Kipimo hiki hakiigusi twita, ile ndogo ya sauti za juu, kwa sababu kapasita iliyo mbele yake huzuia umeme wa mita usipite. Twita ipime kwa sikio: punguza sauti, sogea karibu, sikiliza matoazi.

Ncha hizohizo zigusishe kwa sekunde moja kwenye betri ya volti 1.5, chanya kwa chanya. Koni ya wufa, ile kubwa ya besi, isogee mbele. Moja ikisogea mbele na ya pili ikirudi nyuma, kuna waya umegeuzwa, na spika mbili zinazosukuma kinyume hufutiana besi katikati ya chumba. Wapo walionunua sabufa kuziba pengo ambalo lingezibwa kwa kugeuza waya mmoja.

La kwanza: zipange upya ulizonazo

Sebule zetu nyingi ni kuta za tofali za saruji, vigae chini na jipsamu juu. Vyote hivyo hurudisha sauti. Simama katikati upige kofi moja. Ukisikia mlio mkali unaotetemeka baada ya kofi, mlio huo unafunika kila wimbo unaoupiga, na spika za bei yoyote zitafunikwa vilevile. Tandika zulia au mkeka mzito kati ya spika na makochi, weka pazia nzito dirishani, kisha piga kofi tena.

Zitoe spika kwenye shokesi ya TV, maana shokesi hutikisika na kuimba pamoja nazo. Ziachie angalau sentimita 40 kutoka ukuta wa nyuma na uziondoe kabisa konani. Umbali kati yake uwe mita 1.8 hadi 2.4, karibu sawa na umbali kutoka kila spika hadi kwa msikilizaji. Twita ifike usawa wa sikio la aliyeketi, yaani sentimita 90 hivi. Kama huna stendi, tofali la inchi 6 lililosimamishwa lina sentimita 45. Laza jingine juu yake upate 60, na hapo spika ndogo inakaa pake. Nyumba yenye watoto wadogo isitumie tofali zilizopandiana. Huko tafuta stendi yenye kitako kipana na uifunge ukutani.

Chumba cha mita 3 kwa 4 chenyewe huvimbisha noti za besi za karibu hezi 43 na 57 (hezi ni mitikisiko kwa sekunde), na huzivimbisha zaidi kwa aliyeegemea ukuta. Sogeza kochi nusu mita mbele kabla ya kulaumu wufa.

La pili: zifufue

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure. Wufa nyingi za zamani zina ukingo wa sponji unaoishika koni kwenye fremu. Sponji hiyo huoza baada ya miaka 10 hadi 20, na kwenye joto na unyevu wa Pwani, iwe Tanga, Dar, Unguja au Mombasa, huwahi zaidi. Iguse kwa kidole: iliyokufa hunata kama lami au humeguka kama mkate mkavu. Koili na sumaku huwa bado nzima. Ukiendelea kuipiga hivyo, koni huyumba, koili inasugua chuma, na hapo ndipo wufa hufa kweli.

Ukingo mpya ununue kwa vipimo, usinunue kwa jina la inchi. Wufa mbili zinazoitwa za inchi 8 zinaweza kuwa na koni za upana tofauti. Pima upana wa fremu kwa nje, upana wa koni yenyewe, kisha mwanzo na mwisho wa lile tuta la sponji. Wufa iliyotoka na sponji irudishie sponji. Mpira ni mzito na mgumu zaidi, na hubadilisha besi ambayo boksi lilipimiwa.

Kwangua sponji na gundi ya zamani kwa wembe, futa kwa spiriti, acha pakauke. Gandisha ukingo kwenye koni kwanza, usubiri saa kadhaa, ndipo ugandishe kwenye fremu. Tumia gundi nyeupe inayokauka polepole na kubaki laini. Supaglu hukauka kama kioo na kupasuka. Gundi ya viatu hushika papo hapo na kukunyima nafasi ya kurekebisha. Na marekebisho ndiyo kazi yenyewe: gundi ya fremu ikiwa mbichi, sukuma koni taratibu kwa vidole vinne, viwili kila upande, huku umetega sikio. Ukisikia mkwaruzo kama wa karatasi juu ya karatasi, koili haijakaa katikati. Sogeza ukingo milimita moja, sukuma tena, hadi kimya. Bana kwa vibanio vya nguo na uache saa 24. Fanya spika zote mbili hata kama moja tu ndiyo iliyochanika, la sivyo kushoto na kulia hazitalingana.

Kama besi ni nzima lakini sauti za juu zimefifia, fungua krosova, yaani sakiti ndani ya boksi inayogawa sauti kati ya wufa na twita. Kapasita zake za maji hukauka kwa miaka. Kapasita mpya iwe na maikrofaradi zilezile, volti zilezile au zaidi, na iwe ya aina isiyo na chanya wala hasi. Fundi akikuwekea kapasita ya kawaida ya pawasapulai yenye upande, itapata moto na kuvimba.

Usifufue spika iliyoungua koili kama huwezi kupata koili ya namna yake, wala boksi la chipubodi lililolowa na kufumuka. Twita ya asili ikikosekana, kuchomeka twita yoyote ya inchi sawa ni kubahatisha, kwa sababu krosova ilikatwa kwa ile ya kwanza.

La tatu: mtumba wa njia mbili

Ikibidi kununua, hapa ndipo thamani ilipo. Spika ndogo za wufa moja na twita moja kutoka Uingereza, majina kama Wharfedale Diamond, Mission, KEF, Celestion au Tannoy, huonekana Kariakoo, Dar, na Luthuli Avenue, Nairobi, na nyingi hushinda mpya za bei maradufu. Zisizo na amplifaya ndani hazichomekwi ukutani, kwa hiyo suala la volti halipo.

Nenda na tochi, mita, betri na nyimbo zako kwenye simu. Dai jozi ya modeli moja, kagua kingo, sukuma koni, pima omu, piga moja moja kisha zote mbili. Wimbo wa majaribio uwe unaoujua kila pumzi: taarab yenye ala ya kanuni na fidla huumbua twita haraka, na gitaa la besi la rumba litakuonyesha kama boksi linavujisha hewa kwa mlio wa fff pembeni. Ukingo wa mpira uupe alama za ziada, hasa ukiishi karibu na bahari.

Angalia pia wepesi wa spika, yaani desibeli inazotoa kwa wati moja ukiwa mita moja. Kila desibeli 3 zinazopungua hudai wati mara mbili. Spika ya 85 inataka nguvu mara nne ya spika ya 91 ili zilingane. LS3/5a iliyobuniwa na BBC kwa kazi zake za utangazaji ina sifa kubwa na inazistahili, lakini haivuki desibeli 83 hivi. Ukiifunga kwenye amplifaya ya wati 15 na kutaka sherehe, utajuta.

La nne: mpya za njia mbili

Kwa chumba cha mita za mraba 10 hadi 20, wufa ya inchi 5 hadi 6.5, wepesi wa 87 au zaidi, omu 6 au 8. Omu 4 uichukue pale tu maandishi ya mgongoni mwa amplifaya yanaporuhusu. Spika za 88 hutoa sauti ya kujaza chumba kwa wati chache. Wati 30 halisi zinatosha nyumba nyingi.

Namba ya PMPO, yaani wati za kutangazia biashara, isikuvutie. Uliza RMS, yaani wati halisi za kuendelea, na kwa kifaa chenye amplifaya soma kibati cha nyuma: kinachokula wati 60 za umeme hakiwezi kutoa wati 1000 za mziki. Ogopa boksi jepesi lenye koni tatu au nne zinazong'aa. Baadhi hazijaunganishwa na waya wowote, ni mapambo, na krosova nzima ni kapasita moja iliyobandikwa mgongoni mwa twita. Weka sikio kwenye kila koni kabla ya kulipa.

La tano: zenye amplifaya ndani

Zinafaa pale amplifaya yako nayo imekufa. Edifier R1280T, kwa mfano, ina wati 42 kwa jumla na wufa za inchi 4: inatosha chumba cha kulala, inazidiwa sebuleni watu wakijaa. Za mtumba soma volti. Za Japani ni 100 na za Marekani 120; ukizichomeka kwenye 230 au 240 zetu bila transfoma, zinaungua siku ileile. Zichomeke kupitia kilinda friji, kwa sababu umeme unaporudi kwa kishindo hushambulia bodi iliyomo ndani, na bodi ikifa umepoteza spika na amplifaya kwa mpigo.

La sita: ndefu za kusimama sakafuni

Chumba kikiwa chini ya mita za mraba 25, ziache. Kama kiu yako ni besi tu, sabufa yenye umeme wake, iliyowekwa ipige chini ya hezi 60 hadi 80 tu, inakupa hiyo besi na inasogezeka hadi ipate mahali isipokoroma.

Waya haumo kwenye orodha kwa makusudi. Shaba ya milimita za mraba 1.5 kwa mita 5 ina ukinzani wa omu 0.12 hivi kwenda na kurudi, na spika ya omu 8 haiuhisi. Kwangua ncha kwa wembe dukani: ikitoka nyeupe ndani ni alumini iliyopakwa shaba, basi dai bei ya alumini na uchukue 2.5. Spika zozote utakazofunga, sauti ikianza kukwaruza unapoongeza, rudisha kitufe nyuma palepale, kwa sababu amplifaya iliyoishiwa pumzi huunguza twita hata ikiwa na wati chache kuliko zilizoandikwa kwenye spika.