Jojo na plasta za nikotini: uzoefu wangu baada ya wiki 12, Mwanza

Jojo ya nikotini inafanya kazi kwa anayetaka kuacha sigara. Naanza na hilo kwa sababu wengi ninaowasikia hapa mjini wakisema "nilijaribu, haikunisaidia" walikuwa wanaitafuna kama Big G, wanashushia na soda, na walinunua vipande kumi tu. Kwa matumizi ya namna hiyo haimsaidii mtu yeyote. Hata muuzaji wa duka moja la dawa alinikabidhi boksi na neno hili: "Unatafuna tu kama jojo, kaka." Hapana, na kosa linaanzia hapo.

Nikotini ya kwenye jojo inatakiwa ipenye kwenye ngozi laini ya ndani ya shavu. Ukitafuna mfululizo inatoka yote haraka, unaimeza pamoja na mate, na huko tumboni haikupi nafuu ya maana. Unachopata ni kwikwi, kiungulia na kichefuchefu, arosto, yaani ule mwili kudai sigara, iko palepale. Inavyotakiwa ni hivi: tafuna polepole mpaka uanze kusikia muwasho, kama umeonja pilipili manga. Hapo acha kutafuna. Kibane kipande kati ya shavu na ufizi, kikae dakika moja hivi. Muwasho ukipoa, tafuna tena mara chache, kihamishie shavu la pili. Kipande kimoja kinakwenda kama nusu saa. Ukikitafuna kisiwashe tena, kimekwisha, kitupe. Na uwe na subira: sigara inafikisha nikotini kwenye ubongo ndani ya sekunde chache tu, jojo inachukua dakika 20 hadi 30 kufika kileleni. Kwa hiyo usisubiri hamu ikukabe. Kama unajua ukifika soko la samaki la Mwaloni Kirumba kupakia mzigo hamu inapanda, weka kipande mdomoni ungali njiani.

Sasa vinywaji. Robo saa kabla ya jojo, na muda wote iko mdomoni, ni maji matupu. Soda, juisi ya chungwa au ukwaju, kahawa na bia vina tindikali, na mdomo wenye tindikali haupitishi nikotini vizuri. Kama wewe ni mtu wa kahawa na kashata jioni, maliza kikombe kwanza, sukutua, subiri hizo dakika 15.

Hiyo kahawa nayo ina jambo ambalo hakuna aliyeniambia dukani. Moshi wa sigara hulifanya ini livunje kafeini haraka kuliko kawaida. Ukiacha kuvuta, kafeini inakaa mwilini muda mrefu zaidi, na vikombe vilevile ulivyozoea vinakupiga karibu mara mbili. Mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, usingizi hauji, na mtu anasema "sigara inanidai" akanunua moja. Punguza kahawa kwa nusu tangu siku ya kwanza. Moshi una athari kama hiyo kwenye dawa kadhaa, kwa mfano theofilini ya pumu, hivyo anayetumia dawa za kila siku amwambie daktari wake kabla hajaacha.

Nguvu ya jojo iko ya aina mbili, miligramu 2 na miligramu 4. Kipimo ni sigara yako ya kwanza ya siku. Ukiiwasha ndani ya nusu saa baada ya kuamka, chukua 4. Ukiweza kukaa zaidi ya hapo, 2 inatosha. Kwa anayetumia jojo peke yake, wiki sita za mwanzo ni kipande kimoja kila saa moja au mbili, visipungue 9 kwa siku. Wiki ya 7 hadi ya 9 ni kila saa mbili hadi nne, na wiki ya 10 hadi ya 12 ni kila saa nne hadi nane. Piga hesabu kabla hujalipa: vipande 9 kwa siku 42 ni 378, kisha 5 kwa siku 21 ni 105, kisha 3 kwa siku 21 ni 63. Jumla 546. Karatasi moja ya vipande kumi ni dawa ya siku moja tu! Ndiyo maana nasema nunua angalau ya wiki mbili kwa mkupuo, na uliza kama duka litaagiza tena, kwa sababu sigara ya mojamoja ipo kila kibanda na haiishi kamwe. Gawanya bei ya boksi kwa idadi ya vipande, usilinganishe boksi kwa boksi. Angalia pia tarehe ya mwisho wa matumizi, na ukatae vipande vilivyotolewa kwenye vifuko vyake.

Mimi nilichanganya na plasta ya nikotini, ile ya kubandika kwenye ngozi, na hapo ndipo niliona tofauti kubwa. Plasta inatoa nikotini kidogokidogo kutwa nzima, jojo ya miligramu 2 inazima hamu inayoibuka ghafla. Nilikuwa natumia nne au tano kwa siku badala ya tisa. Kwa anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku, plasta ya saa 24 huanza na miligramu 21 kwa wiki sita, kisha 14 kwa wiki mbili, kisha 7 kwa wiki mbili. Ni plasta 70. Anayevuta 10 au pungufu huanza na 14.

Kinachoharibu plasta huku kwetu ni mafuta na jasho. Mtu anaoga, anajipaka mafuta mwili mzima, kisha anabandika. Saa nne asubuhi imeshaning'inia kwenye shati. Bandika kwenye ngozi kavu isiyo na mafuta wala losheni, mkono wa juu kwa nje au kifuani pasipo na vinyweleo, ukandamize kwa kiganja kama sekunde 10. Usinyoe sehemu hiyo asubuhi hiyohiyo, itawaka. Kesho hamia sehemu nyingine, na usirudie pale pale kabla ya wiki kupita. Wekundu kidogo na mwasho wa saa ya kwanza ni kawaida. Malengelenge siyo kawaida, ibandue. Wanaokausha samaki kwa moshi wasiibandike mahali joto la tanuri linapowapiga, maana joto huongeza kasi ya nikotini kuingia mwilini, na kizunguzungu kinafuata. Ndoto kali za usiku nazo zinatokana na plasta. Ukiibandua kabla ya kulala zinaisha, ila asubuhi anza na jojo mara moja wakati plasta mpya bado haijashika.

Kwa wavuvi wa dagaa, wanaovua usiku, ratiba inageuka. Siku yako inaanza ukiamka mchana, kwa hiyo plasta inabandikwa mchana, na jojo unaibeba ziwani ndani ya kopo lenye mfuniko, siyo mfukoni mwa kaptula. Siku mbili tatu za kwanza bila sigara ndizo mbaya kuliko zote, na ningeshauri zianguke wakati wa mbalamwezi, mitumbwi ikiwa imepumzika. Kukesha kwenye baridi ya ziwa karibu na mwenzako anayevuta, ukiwa siku ya pili, ni kujitesa bure. Ila mwaloni nako kuna bia, na bia ndiyo iliyowarudisha wengi kwenye sigara. Wiki hiyo kaa mbali nayo.

Shirika la Afya Duniani liliingiza tiba hizi kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009, hivyo usione aibu kuziulizia hospitali. Mjamzito, aliyepata shambulio la moyo karibuni na aliye chini ya miaka 18 waonane na daktari kwanza. Mwenye meno ya bandia achague plasta, maana jojo inanasa.

Plasta uliyoibandua bado ina nikotini ya kutosha kumdhuru mtoto. Ikunje upande wa gundi ndani, irudishe kwenye kifuko chake, itupe shimoni na siyo kwenye ndoo ya taka iliyo wazi jikoni.