Ukumbi wa kina mama, Mji wa Kale, Mombasa: tulivyouona kwenye kupamba

Tulikodi ukumbi wa klabu ya kina mama kwa kupamba kwa mdogo wangu, yaani sherehe ya wanawake ya kumtoa bibi harusi, na naanza na lililo kubwa: mwanamume haingii. Si mpiga picha, si kijana wa spika, si mleta barafu. Mlangoni hukaa mama mmoja na kikapu, na simu zote zinabaki kwake. Ndani mabuibui yanavuliwa, dhahabu zinaonekana, watu wanapiga vugo na kucheza bila wasiwasi. Kuna hoteli moja ya ufukweni tuliyoahidiwa "wanawake watupu", kisha wahudumu wakaingia na sinia za sharubati. Mbio tulizopiga kutafuta mitandio, Mungu anajua.

Jengo ni la zamani, kuta nene za mawe na dari ya juu, kwa hiyo stima ilipopotea hatukupata joto sana. Viti ni vya plastiki na jukwaa ni dogo. Bibi harusi mwenye gauni pana atabanwa.

Ukipata nafasi, kaa na wazee wa kamati. Watakusimulia vyama vya zamani vya lelemama, ngoma ya wanawake, kama Ibinaal Watan na Banu Saada, vilivyoshindana kwa mavazi, karamu na nyimbo za mafumbo hadi watu wakamaliza akiba zao. Lakini katika vyama hivyohivyo wanawake walijifunza kuchanga fedha, kuchagua viongozi na kuendesha mikutano. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wakaanzisha vyama vya Muslim Women's Institute na Muslim Women's Cultural Association, na mwaka wa 1958 wanawake wa Kiarabu wa Mombasa wakaipelekea serikali ya kikoloni ombi la haki ya kupiga kura. Kwa hiyo anayesema kumbi za kina mama ni za ngoma tu, mwacheni aseme. Hapa siku za kazi kuna cherehani, darasa la watu wazima na kina mama wa kuchangiana.

Ubaya wake ni maji. Vyoo viwili, mfereji mkavu. Tuliagiza mitungi ya mkokoteni. Gari pia haifiki mlangoni, masufuria ya biriani yalibebwa vichochoroni.

Bei ni nafuu kuliko hoteli. Ila Shaabani na Mfunguo Mosi, miezi ya kabla na baada ya Ramadhani, hujaa mapema, na bila kulipa arubuni hawakuandiki.