Tahadhari: fundi wa "nyumba janja" anayebaki na funguo za nyumba yako

Ndugu zangu wa Amu, Shela na Mokowe, hasa mnaokodisha nyumba kwa wageni: kuna mtu anajitangaza kwenye status za WhatsApp kwamba atakufanyia nyumba yako "janja" kwa siku tatu. Taa uwashe kwa simu, pampu ijizime tangi likijaa, mlango ufunguke kwa namba ya siri. Kwangu alikuja. Jina lake silitaji kwa kuwa shauri liko polisi, lakini ukisoma mambo yake utamjua akibisha hodi.

Nyumba yetu iko Mkomani hapa Amu, ya mawe, ya marehemu mama. Mimi nakaa chini, juu nakodisha. Alikuja mtanashati, "mama" kila baada ya maneno mawili, akapita vyumba vyote kwa dakika kumi bila kufungua hata swichi moja kuangalia nyaya. Hapo ningemwambia ahsante, nenda salama. Badala yake nikampikia chai. Bei shilingi 186,000, arbuni 110,000, na arbuni aliitaka kwenye namba yake mwenyewe, eti till yake, ile namba ya M-Pesa ya biashara, ina matatizo wiki hii. Nilipomwuliza leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, ambayo kila fundi wa stima anatakiwa awe nayo, akasema ameiacha Mombasa.

Ruta aliweka moja, chumba cha mbele. Kuta zetu ni matumbawe na chokaa, unene wake karibu nusu mita. Waifai ikivuka mbili imekwisha nguvu. Nikalalamika, akaniuzia kwa shilingi 18,000 kisanduku alichokiita habu ya Zigbee. Habari za Zigbee alizonieleza ni za kweli: vifaa vyake vilivyoungwa kwenye stima hupokezana mawimbi, kimoja kikimrushia mwenzake, na kwa nyumba kama zetu ni mpango mzuri. Ila mle ndani hakikuwemo hata kifaa kimoja cha Zigbee. Vyote vilikuwa vya waifai, na ile "habu" ni ripita ya kawaida tu, ya kurefusha waifai. Alama ya KEBS, shirika la viwango, sikuiona kwenye chochote. Ingekuwapo, ningetuma SM#, kisha namba iliyo chini ya alama, kwenda 20023 nikajua ni ya kweli au ya kuchora.

Pampu nayo aliiunganisha kwenye swichi ndogo ya ampea 10. Mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa kuliko inapokuwa mwendoni, ndiyo maana mafundi huweka kontakta, swichi nzito ya kuubeba umeme huo, katikati. Wiki ya tatu ile swichi ikagandana ndani. Simu inasema pampu imezimwa, pampu inanguruma, maji yanashuka kutoka darini mpaka kitandani kwa mgeni.

Hayo ni hasara, na hasara hulipika. Sikilizeni ya nyaya sasa. Swichi ya kawaida hukata waya wa moto tu. Swichi janja ina kijikompyuta ndani kinachotaka umeme hata taa ikiwa imezimwa, kwa hiyo nyingi zinahitaji niutrali, waya wa kurudishia umeme. Kwenye nyumba za zamani niutrali huenda moja kwa moja kwenye taa, haipiti kwenye kisanduku cha swichi. Fundi mwaminifu atakwambia hivyo, kisha avute waya mpya au akununulie swichi zisizohitaji niutrali, maana zipo. Huyu bwana alichukua waya wa athi, ule wa kijani na manjano unaopeleka ardhini umeme uliovuja, akaufanya niutrali. Taa zikawaka, tukapiga makofi. Mpwa wangu, fundi wa stima kutoka Malindi, alipofungua kisanduku cha kwanza hakusema neno. Alikwenda kwanza kuzima meni swichi. Waya ule ukikatika upande wa kwenda ardhini, alinieleza baadaye, friji, pasi na pampu vyote vinaweza kuwa na umeme kwenye bati lake, nawe umesimama juu ya sakafu yenye maji.

Hata hayo siyo yaliyonifikisha polisi.

Tuligombana juu ya salio. Nikamwambia silipi mpaka pampu itengenezwe. Usiku ule, saa tatu, wageni wanakula juu, taa zote zikazimika. Stima ipo, friji inafanya kazi, kwa majirani taa zinawaka. Baada ya dakika chache ukaingia ujumbe: "Mama, tumalizane." Kisha taa zikawaka.

Nikafungua ile programu kwenye simu yangu kwa utulivu, mara ya kwanza tangu aniwekee. Akaunti ilikuwa imefunguliwa kwa namba yake. Mmiliki wa nyumba, yeye. Mimi nimeandikwa mwanafamilia. Na kamera ni tatu: moja dakani pale mlangoni, moja darini, moja kiwandani, yaani ua wa ndani, "kwa ajili ya watoto". Wazee waliojenga nyumba hizi walipinda njia ya kuingilia makusudi, mtu akisimama dakani asione ndani. Mimi nimemlipa mtu pesa apitishe jicho lake kwenye ile kona. Dada yangu ameanua nguo mbele ya kamera hizo kichwa wazi wiki saba.

Pesa sijazipata. Nilipeleka ujumbe wa M-Pesa kwenye 456 ya Safaricom, lakini ile ni ya pesa ulizotuma kwa kukosea namba, na uiwahi papo hapo. Lalamiko la kamera nimelipeleka Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data, chini ya sheria ya 2019, nikaambatisha picha za skrini ya simu yangu zinazoonyesha nani mmiliki. Zipigeni picha hizo kabla hamjagusa kitu, maana ukishafuta huna ushahidi.

Kisha, usiku huohuo, badilisha nywila ya waifai na ile ya kuingilia kwenye ruta yenyewe. Vifaa vyote vitakatika, pamoja na yeye. Ndipo ukabonyeze kitufe cha kila kifaa sekunde kadhaa mpaka taa yake ipepese upesi, ukisajili upya kwa namba yako. Swichi zetu zilikubali. Kamera mbili na kufuli la mlango vilikataa, vinamtaka mwenye akaunti ya kwanza aviachie, nasi tumeving'oa. Lile komeo la mbao la mama limerudi kazini.

Anayetaka kufanyiwa kazi hii na mtu mwingine, simu iwe yako, namba yako, barua pepe yako, naye fundi ndiye aongezwe kama mgeni, na siku anapoondoka umfute mbele ya macho yake. Akinuna, mwache anune.

Nasikia wiki hii ameonekana Shela. Aliyekwisha kufanyiwa kazi naye aniandikie faraghani. Mpwa wangu yupo hapa mpaka Ijumaa na atawafungulia visanduku bila malipo. Njooni na ngazi yenu. Yangu aliondoka nayo yeye.