Printa nzuri, usingizi wake ndio balaa

Kuchapa inachapa vizuri, maandishi yamekolea, sina ugomvi hapo. Ugomvi wangu ni usingizi. Printa hii ya leza imetoka kiwandani ikiwa imepangwa kulala baada ya dakika 1, na ikilala inakata Wi-Fi. Kompyuta zinasema iko nje ya mtandao, mtu anabonyeza kuchapa mara nne, kisha akienda kuiamsha kwa kidole zinatoka nakala zote nne. Rimu ngapi zimeliwa hivyo! Muuzaji kuulizwa akajibu, "Ndivyo zilivyo zote," akakata simu.

Si kweli kwamba ndivyo zilivyo. Kinachokula umeme kwenye leza ni fyuza, ile sehemu inayopashwa moto hadi karibu nyuzi 200 ili tona, yaani wino wa unga, ishike kwenye karatasi. Kuipoza pasipo kazi ni jambo la maana. Ila kwa dakika 1, ofisi ya watu sita inaipasha na kuipoza kutwa nzima, na kila ikivuta moto upya taa zinapepesa.

Chapa ukurasa wa mipangilio, chukua anwani ya IP (namba ya printa kwenye mtandao), iandike kwenye kivinjari, ingia kama msimamizi. Kulala weka dakika 15 au 30. Kujizima kabisa ni kipengele kingine, na watu wanavichanganya: iliyolala inatakiwa kuamka ikitumiwa kazi, iliyojizima haiamki mpaka mtu abonyeze kitufe. Kiondoe. Kama kuna waya wa mtandao, tumia waya. Kwenye ruta itengee anwani moja ya kudumu, la sivyo umeme ukirudi inaweza kupewa nyingine. Bado iko nje ya mtandao? Kwenye Windows fungua sifa za printa, kichupo cha milango, sanidi mlango wake, ondoa tiki ya SNMP. Windows huiuliza hali yake kwa njia hiyo, na isipojibiwa inaona printa haipo.

Hapo nilishaanza kuisamehe, mpaka nilipofika kwenye arifa. Tiki ya onyo la tona ilikuwepo, barua pepe haikuja hata moja, na yenyewe haikusema kwamba imeshindwa. Tona ikaisha katikati ya mikataba; kila ukurasa una ufito mweupe katikati, majina ya watu hayasomeki. Huu ni uzembe wa kiwanda, sitaupamba. Kwenye mipangilio ya kutuma barua ilikuwa imewekwa mlango 25 (namba ya njia ya kupitishia barua). Weka 587 pamoja na TLS, ulinzi unaoficha barua njiani. Ukitumia Gmail, nenosiri la kawaida halikubaliwi tangu 2022: washa uthibitishaji wa hatua mbili, utengeneze nenosiri la programu, herufi 16. Kagua na saa ya printa, maana ikirudi nyuma baada ya umeme kukatika, cheti cha usalama kinaweza kukataliwa na barua haiendi. Kisha tuma barua ya majaribio, usiamini tiki.

Onyo liwe asilimia 20, upate muda wa kuagiza. Tona ikifika chini kabisa, chagua iendelee, isisimame. Asilimia ile ni makadirio na mara nyingi kurasa bado zipo.

Baada ya hayo ilifanya kazi wiki kadhaa bila kusumbua, nikataka kuipa nyota 4. Juzi juzi ikajisasisha usiku, asubuhi usingizi umerudi dakika 1 na mlango ni 25. Nyota 2. Ukiinunua, piga picha kila ukurasa wa mipangilio na uzime usasishaji wa yenyewe siku hiyo hiyo.