Pedi mpya za diski na breki isiyoshika: uzoefu wangu

Seti niliyoweka ni ya diski ya mbele, bei ya chini, ya Kariakoo, kwa pikipiki ya cc 150. Ukishafunga kalipa, yaani kile kibanio kinachobana pedi kwenye diski, na kuvuta breki kwa mara ya kwanza, mkono wa breki unazama mpaka kwenye mshikio. Wengi hapo hurudi dukani kugombana, na wanamwonea muuzaji.

Pedi mpya ni nene, kwa hiyo pistoni za kalipa husukumwa ndani ili ziingie. Zikibaki kule nyuma, mvuto mmoja haupeleki mafuta ya kutosha kuzileta mbele. Pampu mara 15 hadi 20 pikipiki ikiwa imesimama, mivuto mifupi. Usivute mpaka mwisho, hasa kwa pikipiki kuukuu: ule mwisho wa masta silinda (pampu ndogo ya kwenye usukani inayosukuma mafuta ya breki) ambao sili, ile raba ya ndani, haiufikii kila siku huwa na kutu na uchafu, na sili huchanika hapo hapo. Kuna mafundi wanakukabidhi chombo bila kupampu. Daladala likisimama ghafla mbele yako ndipo utajua.

Ukishapampu, sikiliza mkono. Mkono ukikaza halafu baada ya dakika chache ukarudi kuwa laini kama sponji, ndani kuna upepo. Ukiushikilia ukawa unashuka taratibu na hakuna tone linalovuja nje, sili ya masta silinda imekwisha, utatoa upepo hadi jioni bure. Ukiwa mgumu kabisa na pikipiki bado inateleza, kagua uso wa pedi na diski.

Mimi nilikuwa na la kwanza na la tatu kwa pamoja.

Upepo unatolewa kwa spana namba 8 na mpira wa dripu uliovikwa kwenye nati ya kutolea upepo ya kalipa, ncha ya pili ikizamishwa kwenye chupa yenye mafuta kidogo ya breki. Vuta mkono, ushikilie, legeza nati robo mzunguko, ifunge, ndipo uachie. Ukiachia kabla ya kufunga, inavuta upepo tena. Angalia kopo la mafuta la juu ya masta silinda lisikauke. Mafuta ya zamani yalitoka meusi kama kahawa. Aina inayofaa imeandikwa kwenye kifuniko cha kopo, yangu DOT 4. Chupa iliyofunguliwa mwaka jana iache: mafuta haya hunyonya maji hewani, na kwa unyevu wa Dar hayachelewi. DOT 5 ni ya silikoni, usiichanganye. Mkono ukibaki laini kidogo, ufunge kwenye mshikio kwa ule mpira wa kufungia mizigo, ulale hivyo. Asubuhi ukiufungua, vipovu vilivyopanda juu hutokea kwenye kopo. Jambo jingine: kopo likiwa limejaa pomoni kabla hujasukuma pistoni, mafuta hufurika na kubabua rangi ya tangi. Lioshe kwa maji papo hapo.

Kwenye uso wa pedi, kosa lilikuwa grisi. Pini za kalipa zilipakwa grisi ya kawaida, ile ya beringi, ikayeyuka na kugusa pedi, na mpira wa pini umeanza kuvimba. Pini zinataka grisi ya silikoni, kiasi cha punje ya mchele. Pedi iliyolowa tupa tu, kuichoma kwa petroli ni kujidanganya. Nilinunua seti ya pili ya aina ileile, nikasafisha diski kwa spiriti, kisha nikazizoesha: kutoka spidi 40 hadi 10, kama mara 20, bila kusimama kabisa, nikiacha diski ipoe katikati.

Sasa zinashika vizuri. Nyota tatu kati ya tano. Moja nimekata kwa rangi nene ya pembeni ya bamba la chuma la nyuma ya pedi, iliyofanya pedi zikwame kwenye kalipa mpaka nikazipitisha tupa. Nyingine ni ya mvua: mvuto wa kwanza diski ikiwa imelowa hauna kitu.