TAHADHARI: Barua za "ruzuku ya utafiti wa afya" zinazodai ada ya uhakiki

Ndugu zangu mlio vyuoni, hasa mnaosaka ufadhili wa utafiti wa afya, naomba msome hili kabla hamjatuma hata shilingi. Wiki mbili zilizopita mwenzangu wa idara, mhadhiri msaidizi, amepigwa zaidi ya shilingi 1,800,000 na watu waliojifanya ni mfuko mkubwa wa hisani wa Ulaya. Ameniruhusu nisimulie bila kumtaja jina.

Ilianza kwa barua pepe: hongera, andiko lako la kuomba ruzuku kuhusu upungufu wa damu kwa wajawazito limepitishwa, dola 85,000 kwa miaka miwili. Nembo ipo, sahihi ipo, mhuri upo. Na andiko alikuwa amelituma kweli miezi michache nyuma, kupitia kiungo kilichorushwa kwenye kundi la WhatsApp la watafiti. Kwa hiyo hakushtuka, alikuwa anasubiri jibu. Ikafuata "ada ya uhakiki", dola 320, ilipwe ndani ya saa 72 la sivyo nafasi apewe mwingine. Akalipa. Zikaja dola 410 za "kuhamisha fedha". Hizo hakuwa nazo, akaenda kuchukua mkopo wa kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kubwa, ambao mpaka leo anaulipa. Malipo yote yalikwenda kwenye namba ya simu ya hapahapa nchini, eti ya "mwakilishi wa kanda". Walipodai awamu ya tatu, ya kodi, ndipo akanijia na makaratasi.

Tafadhali asitokee wa kusema alikuwa na tamaa. Mwaka 2025 uliwaumiza watafiti wengi. Mwezi Mei, NIH, taasisi ya serikali ya Marekani inayofadhili utafiti wa afya, ilisitisha utaratibu wa vyuo vya kwao kugawa sehemu ya ruzuku mpya kwa washirika wa nje, na Julai USAID, shirika la misaada la Marekani, ikafungwa rasmi. Kuna miradi iliyokatika katikati na vijana waliorudi nyumbani bila mshahara. Macho yote sasa yako kwenye mifuko ya hisani, na matapeli wanalijua hilo.

Sasa tuangalie mifuko ya kweli inavyofanya. Wellcome ya London, iliyoanzishwa mwaka 1936 kwa wosia wa Henry Wellcome, ndiyo inayoshirikiana na KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, kule Kilifi tangu 1989. Gates Foundation iko Seattle. Kuomba ruzuku kwao ni bure, na ukipata hulipii chochote ili upewe. Jambo la pili ndilo kubwa zaidi: fedha haziji mfukoni mwa mtafiti. Chuo ndicho kinachosaini mkataba, fedha huingia akaunti ya chuo, na chuo ndicho kinachotoa hesabu. Barua ya ruzuku ambayo kurugenzi ya utafiti ya chuo chako haijawahi kuisikia, ipeleke huko leo kabla hujaijibu.

Lililonishtua zaidi niliposoma barua zile ni maswali ambayo hayakuulizwa. Mradi ulihusu kutoa damu wajawazito, na hakuna aliyetaka kuona kibali cha maadili cha chuo wala cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa hapa Tanzania. Mfadhili wa kweli hukuuliza mpaka uchoke: sampuli zitahifadhiwa wapi, kwa nini wanawake 400 na si 250, gari ni la nini. Hawa walitaka namba ya akaunti yake binafsi, nakala ya pasipoti na ya kitambulisho cha NIDA.

Anwani yao ya barua pepe ilikuwa na jina la mfuko, kistari, kisha neno la ziada. Ukiisoma kwa haraka huoni tatizo. Tovuti ya Wellcome ni wellcome.org, ya Gates ni gatesfoundation.org. Andika mwenyewe, usipite kwenye kiungo ulichotumiwa.

Kama umeshalipa, pigia mtandao wako wa simu mara moja waombe kuzuia muamala, kisha nenda polisi ukiwa na barua zote na kumbukumbu za malipo. Usifute kitu. Ujumbe wa kitapeli unaokuja kwa simu utume kwenda 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Na kama ulitoa nakala ya pasipoti, iarifu benki yako.

Kuna jingine tumeligundua juzi. Mtafiti wa chuo kingine amepokea barua ya watu haohao, na ndani yake wameambatisha andiko la mwenzetu, jina lake likiwa juu, kama "mfano wa mshindi wa mwaka huu". Likikufikia andiko la upungufu wa damu kwa wajawazito kwa namna hiyo, ujue mwenye jina lile hashirikiani nao. Ni mwanamke aliyeibiwa, na kazi ile aliiandika kwa miezi saba. Usiwajibu, ila hifadhi barua na uniandikie hapa. Tunakusanya zote, tuzipeleke polisi pamoja na yake.