Ukinunua ruta, angalia taa zake kwanza

Dukani wengi huuliza kasi na bei, basi. Mimi naanza na taa. Intaneti ikikata saa mbili usiku, taa ndizo zitakazokwambia kama tatizo ni waya, ruta au mtoa huduma.

Kwa nyumba yenye faiba, namba moja kwangu ni ruta yenye taa yake kwa kila kazi, kama TP-Link Archer C6. Taa ya intaneti ikiwa ya kijani, huduma ipo. Ikiwa ya chungwa, waya umechomekwa ila intaneti haiji. Ikizima, waya haujakaa vizuri. Juzi mama alinipigia kutoka nyumbani, intaneti hakuna. "Mama, taa ya intaneti ina rangi gani?" "Ya chungwa, mwanangu." Hapo sikuwa na haja ya kumwinamisha nyuma ya kabati. Nikamwomba atazame boksi la faiba ukutani: taa ya LOS inameta nyekundu. Yaani mwanga haufiki kwenye boksi. Waya umekatika, umekunjwa au kiungio kimechafuka. Tulipowapigia watoa huduma hawakutuambia tuzime tuwashe, maana tulishajua la kuwaeleza.

Tahadhari moja: kama nyumbani kuna mtu asiyetofautisha rangi vizuri, kijani na chungwa vitamchanganya. Mtafutie ruta ambayo taa zake huonyesha hali kwa kuwaka na kumeta, si kwa rangi peke yake.

Namba mbili, kwa asiye na faiba: ruta ya laini yenye taa za vijiti vya mtandao kwa nje, mfano Archer MR200. Unaihamisha dirisha hadi dirisha huku ukitazama vijiti vikipanda. Isiyo navyo iache.

Namba tatu ni UniFi za darini, yaani vifaa vya kurushia Wi-Fi vinavyofungwa kwenye dari, nzuri kwa gesti na shule. Bluu, inafanya kazi. Nyeupe isiyometa, inasubiri kusajiliwa.

Namba nne, ruta za eero. Taa ni moja tu: nyeupe ni salama, nyekundu hakuna intaneti. Inapendeza sebuleni, lakini nyekundu haikwambii kosa liko wapi, inabidi ufungue programu kwenye simu.

Zisizo na maandishi wala alama kwenye taa, sizipendekezi kwa bei yoyote.

Kabla hujalipa, mwombe muuzaji aiwashe, achomeke waya wa intaneti kisha auchomoe. Taa isipobadilika, mrudishie. Na kama itakaa chumbani, uliza taa zinazimwaje usiku.